Mwana Kaitwa Chuoni, Bei Haijasemwa

Kila mwanzo wa mwaka, Waziri wa Elimu wa Kenya anaposimama kuyatangaza matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hupita katika nyumba za nchi hii, za bara kwa za pwani, furaha ambayo aghalabu haipatikani ya kufanana nayo hadi mwaka unakwisha. Na ni furaha yenye haki, kwa kuwa mtoto aliyepata alama ya C+ na kupanda ameshafika daraja ambayo taratibu za nchi zinaitambua kuwa ni idhini ya kuingia chuo kikuu. Katika mtihani wa mwaka 2022 waliofika daraja hiyo walikuwa watahiniwa 173,345, na katika ule wa mwaka 2024 walikuwa 246,391. Walakini baina ya idhini na darasa pana safari ya miezi saba au minane, na safari hiyo ndiyo niliyoikusudia leo, kwani naamini, na nitajitahidi kuzibainisha sababu zangu, kwamba imepangwa kinyume cha insafu: mtoto hutakiwa achague kwanza, apangiwe chuo kwanza, aishike nafasi yake kwanza, kisha ndipo wazazi wake waambiwe kwamba fungu lao la gharama ni kiasi gani. Wanavyuoni wa fiqhi, ambao sisi watu wa pwani tumewasikiliza kwa karne nyingi katika mambo ya masoko na mikataba, hukataza mauziano ambayo bei yake imefichika wakati wa kuafikiana. Na lile lisilofaa kutendwa katika gunia la mchele nalichelea zaidi linapotendwa katika umri wa mwanadamu.

Tuieleze njia yenyewe, kwa sababu wengi wanaoihukumu hawajapata kuipita. Anayewapanga wanafunzi ni shirika la umma liitwalo kwa ufupi KUCCPS, lililozaliwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 likairithi kazi ya bodi ya zamani iliyojulikana kwa jina la JAB. Mwanafunzi huingia katika tovuti ya shirika hilo, mara nyingi katika duka la saiba kwa kuwa kwao hakuna kompyuta, akalipa ada ya shilingi 1,500, akazitazama pointi zake za klasta, yaani hesabu ya alama za masomo yanayohusika na kozi aitakayo, kisha akajaza machaguo yake kwa tertibu ya mapenzi yake. Na akitaka kuyabadilisha baadaye hulipa tena. Katika ukurasa wa kila kozi imeandikwa gharama yake kamili ya mwaka, na kwa hilo shirika linastahili shukrani. Lakini gharama kamili siyo atakayodaiwa baba. Baba atadaiwa sehemu yake, na sehemu hiyo haijulikani mpaka mtoto awe ameshapangiwa chuo, ameomba ufadhili na mkopo katika tovuti nyingine, ameulizwa hali ya nyumba yao, na mtambo wa hesabu umemtia katika mojawapo ya makundi matano ambayo kila mtu sasa anayaita bendi.

Sipendi nidhaniwe kuwa naulilia mfumo uliokwenda zake, maana nao ulikuwa na dhulma zake, na nyingine zilikuwa nzito kuliko hizi. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyechaguliwa na serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 tu kwa mwaka, awe mtoto wa mkurugenzi au wa mchunga mbuzi wa Tana, na kozi yake iwe ualimu au udaktari. Lakini hao waliochaguliwa walihesabiwa kwa idadi ya vitanda vilivyomo mabwenini, na maelfu waliofaulu wakabaki nje kwa sababu ya uhaba wa magodoro. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua mlango wa pili, masomo ya kujilipia yaliyoitwa masomo sambamba, vyuo vingine vikafuata, na hapo likaingia jambo ambalo hadi leo nalihesabu kuwa ni aibu katika tarehe ya elimu yetu: mtoto wa shule ya kutwa isiyo na maabara, aliyeikosa nafasi ya udaktari au ya sheria kwa nukta chache, akamwona mwenziwe mwenye alama pungufu kuliko zake akiingia darasa lile lile, akaketi katika viti vile vile, akasomeshwa na profesa yule yule na kupewa shahada ile ile, kwa fadhila ya mfuko wa mzazi wake. Vyuo vikanawiri kwa fedha hizo, vikafungua matawi mijini hata juu ya maduka, na serikali ikapata udhuru wa kuupunguza mkono wake.

Neema hiyo haikudumu. Mwaka 2016, Waziri Fred Matiang'i alipoukaza ulinzi wa mtihani, waliopata alama ya A nchi nzima wakawa 141 tu, na waliopata C+ na zaidi wakawa 88,929, idadi ambayo serikali iliweza kuipokea yote. Wa kujilipia wakaadimika karibu mara moja, na vyuo vilivyokuwa vimezoea fedha zao vikabaki vinatazama hazina ya serikali. Hazina nayo, iliyokuwa imeahidi kubeba asilimia 80 ya gharama ya kila mwanafunzi, haikuitimiza ahadi, na madeni yakavizidi vyuo vya umma hata makato ya mishahara ya wafanyakazi yasifike yalikotakiwa kufika. Ndiyo sababu Rais William Ruto, mwezi wa Mei 2023, akautangaza mfumo mpya ambao haukupeleka tena fedha kwa chuo kwa kuhesabu vichwa, bali kwa mwanafunzi mmoja mmoja kwa kadiri ya haja yake. Na wa kwanza kuupitia wakawa ni hao waliofanya mtihani mwaka 2022.

Asili ya fikra hiyo siipingi. Kwamba aliyeruzukiwa zaidi alipe zaidi, na mnyonge apunguziwe mzigo, ni kanuni njema ambayo dini zetu zote na mila zetu zote zinaikubali, na ule usawa wa shilingi 16,000 kwa tajiri na fakiri ulikuwa usawa wa jina. Ninalolipinga ni namna kanuni hiyo ilivyogeuzwa kuwa hesabu, na namna hesabu hiyo ilivyofichwa hadi saa ya mwisho.

Hesabu yenyewe, kama ilivyotangazwa mwaka 2024, ni hii. Nyumba ambayo mapato yake hayapiti shilingi 5,995 kwa mwezi huwa katika bendi ya 1, na mtoto wake hupewa ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo wa asilimia 25, na wazazi hutoa asilimia 5. Isiyopita shilingi 23,670 ni bendi ya 2: ufadhili asilimia 60, mkopo 30, wazazi 10. Isiyopita shilingi 70,000 ni bendi ya 3, ambamo wazazi hutoa asilimia 20. Isiyopita 120,000 ni ya 4, nao hutoa asilimia 30. Na iliyozidi hapo ni ya 5, ambamo ufadhili ni asilimia 30, mkopo asilimia 30, na wazazi asilimia 40. Ukizisoma asilimia hizi peke yake utaona ngazi iliyopangwa kwa huruma, kwa maana anayetoa 5 na anayetoa 40 wameachana mbali sana.

Basi na tuchukue kozi moja, tuseme gharama yake ni shilingi 300,000 kwa mwaka, tuitie katika mizani. Mzazi wa bendi ya 1 atatoa shilingi 15,000. Kiasi hicho ni kidogo machoni pa aliyeandika sera, lakini kwa mtu ambaye mapato yake ya mwezi ni shilingi 5,995 ni mapato yote ya miezi miwili na nusu, bila ya kula, bila ya kumnunulia mtoto mwingine kalamu, bila ya kulipa nauli ya kumfikisha huyo mmoja chuoni. Mzazi wa bendi ya 5 atatoa shilingi 120,000, nazo ni pungufu ya mapato yake ya mwezi mmoja. Na ikiwa yeye ni mtu wa kupata shilingi 500,000 kwa mwezi, fungu lake halizidi sana mapato ya wiki moja. Mwenye asilimia 5 ameinamishwa, na mwenye asilimia 40 hakuhisi kitu. Halafu itazameni mipaka ya bendi: nyumba ya shilingi 23,670 kwa mwezi inadaiwa shilingi 30,000 kwa mwaka, na jirani yake aliyempita kwa shilingi moja anadaiwa 60,000. Sijui hoja ya kumwambia huyo jirani akaridhika, wala sidhani kwamba ipo.

Na hayo ni fungu la wazazi tu. Mkopo nao ni wa mtoto. Yule wa bendi ya 1, masikini kuliko wote waliohesabiwa, katika mfano wetu atakopeshwa shilingi 75,000 kila mwaka, na katika miaka minne atakuwa anadaiwa 300,000, nje ya mkopo wa kujikimu ambao atauhitaji ili ale na alale. Ataanza maisha na deni linalolingana na karo ya mwaka mzima, yeye ambaye nyumbani kwao hakuna wa kumsaidia kulilipa, na ambaye mshahara wake wa kwanza, ukipatikana, umeshawekewa ahadi na wadogo zake wanaousubiri. Mtoto wa mwenye nacho ana njia ya kumwomba baba yake alipe taslimu asikope kabisa. Karadha ile ile, yenye masharti yale yale, kwa mmoja ni hiari na kwa mwingine ni lazima.

Pana jambo jingine ambalo halisemwi sana, nalo kwangu ni kubwa. Chini ya karo ya zamani, kozi ghali na kozi rahisi zilikuwa na bei moja kwa mwanafunzi, kwa hiyo aliyepata A ya kumwezesha kusoma udaktari hakuwa na sababu ya fedha ya kuuacha. Sasa, kwa kuwa fungu la nyumba ni asilimia ya gharama ya kozi, kila mtoto anapopanda kwa akili zake kuelekea udaktari, uhandisi au ufamasia, bei ya wazazi wake hupanda pamoja naye; aliyefaulu sana hulipishwa zaidi kwa kufaulu kwake. Mzazi asiyejua bendi yake atafanya nini, pale saiba, huku saa ya kompyuta inahesabiwa kwa shilingi? Atamwambia binti yake achague kozi ya bei ndogo. Na binti, kwa adabu yake na kwa kuwahurumia wazazi wake, ataichagua, na hakuna daftari la serikali litakaloandika kwamba siku hiyo nchi ilimpoteza daktari. Huenda baadaye barua ingekuja imemtia katika bendi ya 1, na udaktari ungewezekana. Lakini barua huja baada ya machaguo kufungwa.

Watetezi wa mfumo hunijibu hapa kwamba mipaka ya bendi imetangazwa, basi mzazi na achukue kalamu, atazame mapato yake, ajihesabie mwenyewe. Ingekuwa hivyo ningenyamaza. Lakini bendi haitolewi kwa neno la mzazi. Inatolewa na mtambo unaokisia uwezo wa nyumba kutokana na dalili mbalimbali, kama wazazi wana hali gani, nyumba ina watu wangapi, mtoto ni mlemavu au la, anatoka sehemu iliyosahauliwa au la, na anasomea kozi gani. Kila dalili ina uzito wake katika hesabu, na mwananchi hakupata kuonyeshwa jinsi uzito huo unavyojumlishwa katika shauri lake yeye. Matokeo yake ni kwamba watoto wa majirani wawili wenye hali moja huweza kuangukia bendi mbili tofauti, na anayeuliza sababu huambiwa akate rufaa katika tovuti ile ile iliyomhukumu.

Tumtwae mvuvi wa Kipini, au wa Gazi, au wa Shela ya Lamu. Fomu inamwuliza mtu huyu mapato yake ya mwezi, na swali hilo, ambalo kwa karani wa Nairobi ni jepesi kama kutaja jina lake, kwa mvuvi halina jibu la kweli. Wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, bahari ni tulivu, madau hutoka, samaki huja, na fedha huonekana mkononi mwake, ambamo humo humo anayalipa madeni ya dukani ya miezi iliyopita. Kusi likianza kuvuma, mawimbi hupanda, vyombo vidogo hufungwa pwani kwa siku nyingi mfululizo, na nyumba huishi kwa kukopa unga na mafuta. Akitaja mapato ya kaskazi atahesabiwa kuwa ni mtu mwenye uwezo. Akitaja ya kusi huenda akashukiwa kuwa anaficha. Akichanganya akagawa kwa kumi na mbili atapata tarakimu ambayo haijawahi kukaa mfukoni mwake mwezi wowote. Na chuo kikuu kinafunguliwa lini? Mwishoni mwa Agosti na katika Septemba, kusi bado linavuma. Serikali inamdai mvuvi fungu lake katika msimu ule ule ambao bahari imemnyima, na wala si kwa ukatili, bali kwa sababu waliopanga kalenda hiyo hawaishi kwa pepo.

Tena sisi watu wa pwani tuna ada ya kujisitiri. Nyumba iliyo na dhiki hupakwa chokaa kwa ajili ya Idi, mgeni hukaribishwa kahawa na haluwa iliyokopwa, na mama huvaa buibui safi kwenda shuleni kumwombea mwanawe muda wa kulipa karo, kwa sababu katika malezi yetu kuonyesha ufakiri mbele ya watu ni kujivunjia heshima na kuivunjia heshima jamaa. Siiombi serikali itusamehe kwa ada yetu. Lakini utaratibu unaomtaka mtu aitangaze dhiki yake kwa ukamilifu ili aaminiwe, na unaomwadhibu aliyeificha kwa staha, utawapa zaidi wenye ulimi mwepesi wa kujieleza na kuwapunja walionyamaza. Mwalimu wa shule ya msingi naye yumo katika taabu ya namna yake, maana mshahara wake umo katika karatasi, unaonekana wote, hali makato ya Sacco na mkopo wa benki na ndugu watatu walio shuleni hayaonekani. Na mfanyabiashara asiyeandika vitabu vya hesabu, mwenye maduka mawili na lori, huweza kujitaja kuwa ni mchuuzi.

Kabla ya kupimwa sharuti mtu awe na karatasi za kupimiwa, na hapo tena pwani tuna hadithi yetu. Tovuti inataka nambari za vitambulisho vya wazazi. Aliyefiwa hutakiwa alete cheti cha kifo. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi nchini miongo mingi bila ya kutambuliwa kuwa raia, hata ikawabidi mwezi wa Oktoba 2016 wafunge safari ya miguu kuelekea Nairobi kuipeleka haja yao kwa Rais, ndipo vitambulisho vikapatikana. Wapemba waliokaa Kwale, Kilifi na Lamu kwa vizazi, wengi wao wavuvi, hawakutambuliwa rasmi mpaka mwaka 2023, mwaka ule ule ambao mfumo mpya wa ufadhili ulianza. Mtoto wa watu hao, akiwa ameketi darasani na kufaulu kama wenziwe, alikuwa hana njia ya kuijaza fomu inayomtaka athibitishe kwamba wazazi wake wapo. Na wengi wa asili ya Kiarabu, Kisomali na Kibajuni wanakumbuka jinsi kijana wao alivyopelekwa mbele ya kamati kuulizwa jina la babu wa babu yake kabla ya kupewa kitambulisho, mtindo ambao serikali ilitangaza kuukomesha Februari 2025. Miezi iliyopotea katika kungojea kitambulisho ni miezi iliyopotea katika kungojea mkopo.

Agosti 2024 barua za vyuo ziliposhuka na bendi zake, malalamiko yalikuwa mengi kiasi ambacho viongozi wa wanafunzi walitangaza mgomo na Rais akaunda kamati ya kuupitia upya mfumo aliouanzisha mwenyewe. Shauri lilikuwa limeshafika mahakamani, limepelekwa na watetezi wa haki za binadamu pamoja na wanafunzi. Na tarehe 20 Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akahukumu kwamba mfumo huo ni wa ubaguzi, kwamba wananchi hawakushirikishwa kama Katiba inavyotaka, na kwamba hauafikiani na sheria iliyopo. Serikali ikakata rufaa. Mimi si mwanasheria, wala sitaki kuyatangulia maamuzi ya majaji; nasema tu kwamba Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imemhesabia kila mtu haki ya elimu, na mtoto anayesoma kifungu hicho darasani ana haki ya kuuliza kwa nini yeye alipewa nafasi na nyumba yao ikapewa mtihani mwingine.

Wakati mabishano hayo yanaendelea, fungu la wazazi linalipwa na nani? Linalipwa kwa njia ambazo kila msomaji wa makala hii anazijua: shamba la minazi linawekwa rehani, mkufu wa bibi unapelekwa kwa sonara, barua ya chifu inatembezwa kutoka afisi ya basari ya eneobunge hadi ya kaunti, na mwisho harambee inaitishwa katika uwanja wa msikiti au wa kanisa. Mchango wa watu kwa elimu ya mtoto wa mwenzao ni katika mambo matukufu ya nchi hii. Mwaka 1959, mwanasiasa Tom Mboya alipowapeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja, wakati ambapo milango ya vyuo vya Afrika ya Mashariki ilikuwa myembamba mno, vijiji vingi vilikwishachanga senti zao kumtoa kijana wao. Na hapa Mombasa, chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiliasisiwa katika miaka ya 1940 kama Taasisi ya Elimu ya Waislamu kwa mali iliyotolewa na Sultani wa Unguja Seyyid Khalifa bin Haroub, na Aga Khan, na jamaa ya Mabohora, pamoja na serikali ya kikoloni. Lakini iko tofauti ambayo lazima isemwe wazi. Wale walichanga ili ufunguke mlango ambao haukuwapo. Hawa wa leo wanachanga ili mtoto apite katika mlango ambao dola imeshautangaza kuwa uko wazi. Harambee ya kujaza upungufu wa hesabu za serikali kila Agosti ni kodi ya pili inayolipwa na wale wale, na aliye na jamaa kubwa na msikiti wenye matajiri huokoka, na yatima wa kijiji kikavu hubaki na barua yake.

Ninalolitaka silo geni wala si ghali. Kipimo cha uwezo kitangulie, machaguo yafuate. Shahidi bora wa hali ya nyumba si mtambo. Ni daftari la karo la shule ya sekondari, ambalo kwa miaka minne limeandika nani alilipa kwa wakati, nani alirudishwa nyumbani mara ngapi, nani alilipiwa na basari na nani alifunguliwa mlango kwa huruma ya mwalimu mkuu. Daftari hilo na lisomwe mtoto angali Kidato cha Nne, pamoja na maelezo ya wazazi yatakayoruhusu mapato ya msimu kutajwa kwa msimu wake. Bendi na itolewe kwa maandishi yenye sababu, na mwenye kulalamika asikilizwe na mtu mwenye uso katika kaunti yake. Fungu la nyumba na lihesabiwe kwa kupanda polepole pamoja na mapato, isiwe shilingi moja inamtupa mtu kutoka 30,000 hadi 60,000, na kwa wa bendi ya kwanza liondolewe kabisa, maana mapato ya miezi miwili na nusu hayadaiwi kwa mtu aliyekwisha thibitishwa kuwa hana. Kisha mwanafunzi anapoifungua tovuti ya machaguo, pembeni mwa kila kozi iwepo tarakimu moja: hii ndiyo nyumba yenu itakayotoa.

Wakati unaruhusu. Matokeo ya mtihani wa mwaka 2024 yalitangazwa tarehe 9 Januari 2025, na vyuo hufunguliwa mwishoni mwa Agosti. Aidha, KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 itafanywa mwaka 2027, na kundi la kwanza la mtaala wa umilisi, unaochukua nafasi yake, linatarajiwa kuingia vyuoni mwaka 2029. Kwa hiyo taratibu za kuwapokea wanafunzi zitaandikwa upya kwa vyovyote vile, na fomu zitachapwa upya. Wanaoketi sasa kuziandika wana nafasi ya kuitanguliza karatasi ya bei mbele ya karatasi ya kozi, na wazazi tuna haki ya kuwauliza, kabla ya hao wa 2029 hawajafika, kama wamefanya hivyo.